Ami Ajibu: Labour ya Uskoti, chama kamili ama tawi la London?

SWALI: Asalaam aleikum Ami. Hapa barazani kwetu Majengo tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Mwenzetu mmoja ana dadake ni nesi Glasgow, yuwasema chama cha Labour kule Uskoti kimegawanyika vibaya sana, wengine wataka nchi ibaki ndani ya Uingereza wengine wataka ijitawale kivyake, na kila ukigeuka kiongozi ashatoka mwengine ashaingia. Sasa chama cha wafanyikazi, mambo yake mishahara na hospitali, kimeingiaje kwenye vita vya uhuru? Na mbona hawatulii na kiongozi mmoja?
Wana baraza, Majengo

JIBU: Waaleikum salaam wana baraza. Huyo dada hajakosea. Tangu bunge la Uskoti pale Edinburgh lianze 1999 Labour ya Uskoti imepitisha viongozi kumi mpaka kumfikia Anas Sarwar. Wa kwanza Donald Dewar alifariki 2000 akiwa kazini, Henry McLeish akajiuzulu mwaka uliofuata kwa sakata la kupangisha ofisi yake, Jack McConnell akakaa kidogo halafu 2007 akapokonywa serikali ya Uskoti kwa kiti kimoja tu na SNP, chama cha wanaotaka Uskoti ijitawale, SNP 47 Labour 46, na kuanzia hapo ni panda shuka.

Watu hupenda kuhesabu kashfa na kura, lakini mimi naona shida yenyewe iko kwengine: huyo mnayemuita kiongozi kwa miaka mingi hakuwa na uamuzi. Nyote mwamjua meneja wa tawi la benki pale Moi Avenue, akupokea vizuri, akupa na kiti, halafu mkopo wako lazima apigie simu Nairobi. Ndio hivo. Mpaka 2011 kiongozi wa Labour Uskoti kikanuni alikuwa akiongoza wabunge wa Edinburgh peke yao, wale wa Uskoti walioko bunge la London hawakuwa chini yake kabisa, na hao ndio walokuwa wakubwa wa chama, akina Gordon Brown na Alistair Darling.

Sasa tieni hapo suala la uhuru muone. Mei 2008 kiongozi wa wakati huo Wendy Alexander alikwenda kwenye televisheni akawaambia SNP kama wataka kura ya maoni basi waje nayo, tuimalize. Kisiasa haikuwa hesabu mbaya, manake wakati ule wanaotaka kujitenga wangeshindwa kweupe. Lakini Brown ndiye waziri mkuu, akaulizwa bungeni London akakataa kumuunga mkono, bibi wa watu akabaki ananing'inia. Mwezi wa sita akajiuzulu, sababu iliyotajwa ni michango ambayo hakuisajili, lakini nguvu zilikuwa zishamtoka.

Halafu ikaja kura yenyewe, 18 Septemba 2014. Waliokataa kujitenga asilimia 55, waliotaka 45, na waliojitokeza karibu asilimia 85, hesabu ambayo sisi hata uchaguzi wa rais hutushinda saa zengine. Labour ilishinda ile kura jamani, Darling ndiye alokuwa mbele ya kampeni ya kubaki! Ila alikuwa jukwaa moja na Conservative, chama cha mrengo wa kulia, watu ambao mfanyikazi wa Glasgow amefunzwa tangu utotoni asiwaamini, na Glasgow yenyewe, ngome ya Labour ya miaka na miaka, ikapiga kura ya kutoka kwa asilimia 53 na ushei. Ndani ya chama kulikuwa na kikundi kabisa cha Labour wanaotaka uhuru, wakubwa wakakicheka, lakini wapiga kura wenye fikra hizo hawakuwa kikundi, walikuwa mitaa mizima.

Mwezi mmoja baadaye Johann Lamont akaacha uongozi akisema waziwazi kwamba London wanaiendesha Labour ya Uskoti kama ofisi ya tawi, mpaka katibu mkuu wake ameondolewa bila yeye kushauriwa. Yani kiongozi wa chama mwenyewe ndiye aliyewapa SNP maneno ya kampeni. Akaja Jim Murphy, na Mei 2015 katika viti 41 vya bunge la London Labour ikabaki na kimoja, cha Ian Murray kule Edinburgh, SNP wakabeba 56 kati ya 59. Jimbo moja la Glasgow kura zilihama kwa asilimia 39. Murphy akapigiwa kura ya imani na kamati kuu, akapita 17 kwa 14, na siku hiyo hiyo akatangaza aondoka. Ukishinda hivo umeshinda nini?

Kezia Dugdale aliyemfuata alijaribu kulegeza, akasema wabunge wake wakiwa wataka kupigia kampeni uhuru hatawafunga mdomo. Nia nzuri, lakini ikawafanya wa upande wa kubaki waone chama hakina msimamo na wakahamia Conservative, mpaka 2016 Labour ikawa ya tatu bunge la Edinburgh. Ukikaza wakukimbia hawa, ukilegeza wakukimbia wale.

SWALI: Ami, kwani si hao hao Labour ndio walowaletea Waskoti bunge lao? Mbona tena waogopa uhuru? Mimi naona ni unafiki.
Mama Watatu, Kisauni

JIBU: Bi mkubwa, unafiki kidogo upo, siwatetei, lakini kuna watu wa aina tatu pale na tangu zamani hawajawahi kupatana. Kuna wa kubaki kabisa, kuna wa ugatuzi, kuna wa kutoka. Keir Hardie, mwanzilishi wao, alikuwa Mskoti na alitaka Uskoti ijiendeshee mambo yake ya ndani. Mwaka 1976 mbunge wao Jim Sillars akachoka kungoja, akaanzisha chama chake, mwisho akaishia SNP na 1988 akawachukulia kiti cha Govan.

Kura ya 1979 ndio utachoka. Serikali ya Labour yaleta kura ya maoni ya ugatuzi, mbunge wa Labour George Cunningham, mzaliwa wa Uskoti ila kiti chake London, akatia sharti kwamba kushinda tu haitoshi, lazima wanaosema ndio wafike asilimia 40 ya wote walio kwenye daftari. Maana yake hata marehemu ambaye jina halijafutwa amepiga kura ya hapana! Ndio ikapata asilimia 51.6 ya kura lakini ni kama 33 tu ya daftari, bunge likafa kabla ya kuzaliwa, SNP wakakasirika wakataka serikali ing'olewe, na 28 Machi waziri mkuu wa Labour, Callaghan, akaanguka kwa kura 311 kwa 310. Akaingia Thatcher wa Conservative miaka kumi na moja. Bunge lenyewe likaja kukubaliwa 1997 kwa asilimia 74, na mmoja wa wakubwa wao George Robertson alikuwa amedai ugatuzi utaizika hamu ya kujitenga. Kumbe ndio waliwapa SNP nyumba ya kukaa.

Wazee wenu hapa watawaambia tulikuwa na yetu miaka ile ya 1961 mpaka 1963, watu wa Mwambao wataka ukanda wa maili kumi uwe kando, KADU ya Ronald Ngala yataka majimbo ndani ya Kenya, nao ni majirani, msikiti mmoja, na hawaelewani. Mwambao ukaingia Kenya, na Novemba 1964 KADU ikajivunja ikaingia KANU, mjadala ukafungwa. Kule kwao haukufungwa.

SWALI: Niaje Ami, huyo Sarwar si ni Muislamu na asili yake Pakistan, nchi iliyotawaliwa na Muingereza? Si angekuwa wa kwanza kutaka uhuru?
Dereva wa matatu, Likoni

JIBU: Poa mwanangu, ila siasa haziendi kwa asili. Babake Mohammad Sarwar alikuwa Muislamu wa kwanza kuingia bunge la Uingereza, 1997, kwa tiketi ya Labour Glasgow, na mtoto ni wa kubaki tangu mwanzo. Februari 2021 alishindana na Monica Lennon aliyesema chama kisiizuie kura ya pili wananchi wakiitaka, Sarwar akashinda kwa kama asilimia 57. Hesabu hiyo ukiiangalia waona zaidi ya watu wanne katika kumi chamani hawakumpigia, na si wote walikuwa wakibishania sura.

2024 Labour ilirudi na viti 37 kati ya 57 vya Uskoti bunge la London, SNP wakabaki na 9, wengi wakasema basi yameisha. Mimi sikubaliani. Wengi waliorudi walikuwa wamechoka na Conservative na wamechoka na sakata za SNP, hakuna aliyewaambia waache kutaka uhuru, wameingia nao chamani kama walivo.

Na ukiuliza kura nyingine yaja lini, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua Novemba 2022 kwamba bunge la Edinburgh haliwezi kuitisha kura ya kujitenga bila ruhusa ya London. Kwa hivo hata SNP wenyewe, wazungumze watakavyo, wakifika hapo wapanga foleni ile ile aliyopanga Wendy Alexander.