Pikapu yako ya zamani inavuta kilo ngapi? Anzia kwenye mizani

Kila mwenye pikapu ya zamani huulizwa inavuta kilo ngapi. Nami nikiulizwa kuhusu yangu, huuliza kwanza: ikiwa imebeba nini?

Namba iliyoandikwa kitabuni ni ya gari jipya, lisilo na mzigo, mara nyingi likiwa na dereva peke yake. Isitoshe, zamani kila kiwanda kilijipimia kivyake. Kipimo cha pamoja cha Marekani, SAE J2807, kilianza kutumiwa na Toyota kwa magari ya mwaka 2011, na viwanda vingine vikubwa vikafuata kwa pikapu zao nyepesi karibu 2015. Kwa kipimo hicho gari hupandishwa na trela mlima wa Davis Dam, Arizona, kiyoyozi kikiwaka, bila kushuka chini ya kilomita 64 kwa saa. Pikapu yako ikiwa ya kabla ya hapo, usiilinganishe namba yake na ya gari la leo.

Hata pikapu mbili za mwaka mmoja zinaweza kupishana kwa mamia ya kilo kwa sababu ya difu tu, yaani gia za ekseli zinazozungusha magurudumu: yenye uwiano wa 3.73 (shafti huzunguka mara 3.73 gurudumu likizunguka mara moja) huruhusiwa kuvuta zaidi ya ile ya 3.08. Kwa hiyo tafuta namba ya injini yako, giabox yako na difu yako.

Kisha nenda mizani. Jaza tangi, pandisha watu na vifaa unavyosafiri navyo, upime. Tuseme umepata kilo 2,350, na kitabu kinaruhusu gari na trela kwa pamoja kilo 5,000. Umebakiwa na 2,650, hata kama tangazo lilisema 3,000. Lakini angalia pia kibati kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kikisema gari lisizidi kilo 2,600, una nafasi ya kilo 250 tu, na shingo ya trela, ile sehemu ya mbele inayofungwa kwenye gari, nayo inakaa juu ya gari, kwa hiyo uzito wake unahesabiwa humo. Kwa trela za kawaida, desturi ya Marekani ni shingo kubeba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela. Kwa asilimia 12, kilo 250 zinakwisha trela ikifika karibu kilo 2,080. Wengi hukwamia hapa, injini ikiwa bado ina nguvu.

Halafu kuna umri, ambao hauandikwi kwenye kibati chochote. Lala chini ya gari, ugongegonge chasisi kwa nyundo ndogo pale kiungio cha trela kilipofungwa. Chuma kizima hulia, kilicholiwa na kutu hutoa sauti butu au kumeguka. Kiungio chenyewe kina kibati chake, na bampa mara nyingi huruhusu uzito mdogo zaidi. Namba ndogo kuliko zote ndiyo inayotawala. Tairi nazo zina tarakimu nne za tarehe: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Giabox ya otomatiki huuawa na joto, kwa hiyo mimi hubadilisha oili yake mapema kuliko kitabu kinavyosema, na milimani huzima ovadraivu, ile gia ya juu ya mwendo mwepesi. Na trela inayopita kilo 750 siifungi kama haina breki zake yenyewe, hata iwe safari fupi kiasi gani.