Barua kwa mwanangu: pikipiki isiyobeba hata mkate

South B, Nairobi
Jumapili jioni

Mwanangu Wambui,

Hujambo, mama? Nakuita mama kwa kuwa jina ulilobeba ni la mamangu, na tangu ulipoanza kunihoji kwa sauti ileile yake nimejua kwamba sikuondokewa kabisa. Sisi huku tu wazima. Mamako anasema mumeo amekonda, umlishe. Mimi sikuona.

Sasa lile swali. Ulisimama mlangoni mwa gereji na kikombe cha chai, ukanikuta nimepiga magoti nikifuta rimu kwa kitambaa cha fulana yako ya shule ya upili (samahani). Ukasema: “Baba, leo usinijibu kwa mzaha. Umefanya kazi kiwandani miaka 34. Umelipwa kiinua mgongo, ukakitoa ukanunua pikipiki kuukuu ya Kiitalia isiyobeba hata mkate. Kwa pesa hizo ungenunua pikipiki tatu za boda boda, zile Boxer, ukawapa vijana wakuletee hesabu kila jioni. Inakupa nini?” Nikakujibu utajua ukizeeka, nikacheka. Wewe hukucheka. Ni wiki tatu sasa nalala na swali hilo na kuamka nalo.

Kwenye Boxer hesabu yako ni sawa, sina ubishi. Ila hebu tazama vyombo vyote nilivyowahi kumiliki. Ile baiskeli ya Black Mamba ilibeba maziwa hadi ikapinda fremu. Pikapu imebeba mabati, saruji, jeneza la babako mdogo, na nyinyi watoto mkienda bweni na magodoro yenu. Mashine za kiwandani hazikuwa zangu, lakini nilizihudumia usiku na mchana kwa sababu ndizo zilizotulisha. Sikuwahi kugusa chuma ambacho hakikuwa na mzigo mgongoni. Na mimi pia nilikuwa nao. Sisemi kwa kulalamika, mzigo ulikuwa mtamu, na wewe ulikuwa sehemu yake nzito zaidi.

Unakumbuka sanduku langu la spana, lile la kijani? Ndani ya kifuniko kulikuwa na picha ya pikipiki nyekundu. Ulipokuwa darasa la kwanza uliniuliza ni ya nani, nikakwambia ni ya rafiki. Picha ile niliipata mwaka wa 1994 kwa wale wauza vitabu wa kuinama, kando ya barabara ya Tom Mboya. Nilinunua gazeti zima la Kiingereza la pikipiki, limechakaa, nikachana ukurasa mmoja na lililobaki likafungia nyama. Ilikuwa Ducati 916, ndiyo kwanza imeingia sokoni. Nilikuwa na umri wa miaka 32 na sikuwa na hata viatu vya mvua.

Mtu anaweza kudhani nilivutiwa na mwendo wake. Mwendo ungenisaidia nini Jogoo Road? Nilivutiwa kama fundi. Bomba za moshi zilikuwa zimefichwa chini ya kiti. Gurudumu la nyuma limeshikwa upande mmoja tu, upande wa pili uko wazi kabisa kama sahani ukutani, ili libadilishwe upesi mashindanoni. Nilikaa na picha ile nikitafuta mahali ambapo mchoraji alichoka akasema “basi, hapa patatosha,” na sikupaona. Kazini kwangu mahali kama hapo palikuwa kila upande, na mengine niliyaacha mimi mwenyewe kwa sababu meneja alikuwa akitazama saa. Mchoraji huyo, Massimo Tamburini, alikuwa mtu wa Rimini, na kampuni aliyoianzisha na wenzake wawili ilishughulika na mabomba ya kupasha nyumba joto kabla ya kugeukia pikipiki. Fundi bomba, mama! Niliposoma hivyo nilifurahi kama niliyesikia mtu wa kijijini kwetu ameitwa Ikulu.

Yangu si 916. Ni mdogo wake, 748, mwili uleule na injini ndogo kidogo. Niliinunua kwa mhandisi mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Ni ya njano, na mamako anasema hiyo ni rangi ya jerikeni ya mafuta ya kupikia. Pikipiki yenyewe anaiita Mgeni, kwa vile inalala ndani na pikapu inalala nje.

Wewe uliniambia pia ni mchezo wa matajiri. Leo, bei zake ukizitazama, ndiyo. Lakini ilivyoanza sivyo. Mzee Antonio Ducati na wanawe watatu walianza Bologna mwaka wa 1926 wakitengeneza vipuri vya redio. Vita vikaja, na mwaka wa 1944 mabomu yakakibomoa kiwanda chao cha Borgo Panigale. Vilipokwisha, raia wa Italia alikuwa na baiskeli, akiwa na bahati. Basi kiwanda kikaanza kutoa injini ya cc 48 ya kufungwa kwenye baiskeli, mtu afike kazini. Waliiita Cucciolo, kitoto cha mbwa, kwa vile ilivyokuwa ikibweka. Hapo hakuna tajiri. Hapo naona Busia na zile baiskeli za kuvusha watu mpakani zilizotuzalia neno boda boda. Walianza pale tulipoanza sisi.

Kilichofuata ndicho kinachonikosesha usingizi, nacho ni habari ya vali, vile vilango vya injini vya kuingiza hewa na kutoa moshi. Vumilia kidogo, ulikulia gerejini.

Injini ya kawaida inafungua vali kwa nundu ya chuma inayozunguka, na inaifunga kwa springi. Ni kama mlango wa duka uliofungwa springi: unausukuma, unarudi wenyewe. Sasa fikiria watu wanapita mlangoni mara mia kwa sekunde. Springi inachelewa, mlango unabaki wazi, kila kitu kinagongana. Mwaka wa 1954 akaingia pale kiwandani mhandisi mmoja, Fabio Taglioni. Yeye alisema springi tusiitegemee, tuweke nundu ya pili ambayo kazi yake ni kuirudisha vali kwa nguvu. Wazo lenyewe lilikuwepo kabla yake, lakini yeye ndiye aliyekaa nalo hadi uzeeni. Wanaliita desmo. Kila vali ina mtu wa kuifungua na mtu wa kuifunga.

Siku hizi springi zimekuwa bora mno. Wajapani wanatengeneza injini zinazozunguka kwa kasi ya kutisha, kwa springi, na huzifungui miaka na miaka. Desmo haina lazima tena kwa mtu wa kawaida. Inaongeza kazi maradufu, maana kila vali unapima nafasi mbili badala ya moja, kwa vipande vyembamba kuliko kucha yako, na mikanda ya injini nayo inataka kubadilishwa kila miaka miwili hata pikipiki ikisimama tu. Na bado kampuni ile inaweka desmo katika pikipiki zake za mbio hadi leo. Ningekuwa mhasibu kama wewe ningewafukuza wote.

Lakini mimi nilipofungua injini hiyo kwa mara ya kwanza, usiku, taa ya kichwa kwenye paji la uso, nikaona zile nundu mbili zimekaa pamoja, nilijikuta nimenyamaza. Mtu alikuwa na wazo, akalipenda, na waliokuja baada yake hawakuona haya kuendelea kulipenda. Miaka 34 sikukutana na jambo kama hilo kazini. Kwetu kilichokuwa hakina lazima kilikatwa, kuanzia chai ya saa nne.

Sauti yake umeisikia. Silinda mbili zimepanuana nyuzi 90, kwa hiyo haziwaki kwa kupokezana sawasawa: moja, halafu upesi ya pili, halafu kimya kirefu. Ni kama mtu anayechechemea kwa madaha. Klachi nayo ni kavu, haiogi ndani ya oili kama ya Boxer, na nikiikaza taa zikiwa nyekundu inalia kama kopo la sarafu la yule kipofu wa Machakos Country Bus. Vijana wa boda boda wa stejini waliniambia kwa huruma, “Mzee, hiyo klachi imekufa, tukuonyeshe fundi.” Nikawaambia iko sawa, ndivyo ilivyo. Walitazamana. Siku ya pili mmoja akaja akachuchumaa karibu yake, akasikiliza, akasema, “Washa tena.” Huyo sasa anakuja kila Jumamosi kushika tochi.

Nisikudanganye kwamba ni starehe. Kwenye foleni ya Lang'ata Road joto lake linapanda mapajani kama umepakata jiko. Mikono inauma, shingo inauma, kila tuta nalivuka kama mtu anayeshusha friji kutoka ghorofani. Usukani hauzunguki sana, umetengenezewa kona za mbio, si geti letu. Na hapa nikiri jambo. Ule mkono niliokwambia nimeuumiza kwenye ngazi za kanisa, sikuuumiza kanisani. Nilikuwa nikigeuza Mgeni hapo nje, polepole kuliko kuku, nikasahau usukani hauendi, nikalala nayo ubavu mbele ya watoto wa jirani. Kosa ni langu peke yangu. Vijana wa stejini walituinua, kwanza pikipiki, kisha mimi.

Najua pia kwamba nyuma ya swali lako la pesa kuna lingine ambalo hukulitamka. Tulikaa pamoja kwenye ile wodi ya mifupa, mimi na wewe, miezi miwili, binamu yako akiwa amening'inizwa mguu. Boda ilimfanya vile akiwa kazini, akitafuta unga. Mimi sitafuti chochote barabarani. Hilo najua linakuudhi, na lina haki ya kukuudhi. Nimejaribu kuandika aya ya kujitetea mara tatu, na zote nimezikata. Nilichonacho ni haya tu: sipandi usiku, sipandi mvua ikinyesha, Southern Bypass sigusi kwa sababu pale Jumapili wamejaa watoto wa watu wanaoshindana na kaburi, na jaketi lenye kinga za mgongoni navaa hata nikienda kununua sukari. Hapo utasema, “Kumbe inabeba sukari.” Haibebi. Hurudi nayo kifuani ndani ya jaketi.

Ninakokwenda hasa ni Mai Mahiu. Natoka saa kumi na mbili unusu asubuhi, Waiyaki Way, Kikuyu, Limuru, halafu naanza kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa kabla malori hayajajaa. Pale chini, kando ya barabara, kuna lile kanisa dogo la mawe. Lilijengwa mwaka wa 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitalia walioletwa kuchonga barabara ile ile. Babu yako alikuwa kijana akiwauzia mayai. Alikuwa akitusimulia kwamba wale watu walivunja mawe mchana kutwa chini ya bunduki, na jioni, mikono ingali na malengelenge, wakarudi kwenye mawe tena, sasa ya kanisa, wakichagua moja moja na kulizungushazungusha kutafuta uso wake mzuri. Babu hakuwaelewa. “Mfungwa,” alisema, “anahangaikia nini sura ya jiwe?” Alisimulia hivyo hadi anafariki, na kila mara alitikisa kichwa palepale.

Mimi huegesha nje ya ukuta ule, nazima injini, nasikiliza chuma kikipoa, tik, tik, tik. Nakaa nusu saa. Sisali sana. Natazama mawe, natazama pikipiki, namkumbuka mzee wangu akitikisa kichwa. Halafu napanda.

Kona za kupandia ndizo tamu. Hapo sizungumzi mwendo mkubwa, malori yenyewe hayakuruhusu. Nazungumza ile sekunde unapoiinamisha na yenyewe inajua unakotaka kwenda, kama fundi mwenzako uliyefanya naye kazi miaka mingi, anayekupa spana namba 13 kabla hujaitaja. Tazama, kazi yote ile ya nundu mbili na fremu ya mabomba iliyochomelewa ionekane inanifikia mikononi hapo, kwenye kona ya Kenya, na hakuna mzigo wowote kati yetu. Nikifika nyumbani mamako ananiuliza kwa kejeli kutoka jikoni, kila Jumapili, “Haya, leo imebeba nini?”

“Mimi.”

“Basi?”

“Basi.”

Wiki iliyopita alinyamaza kidogo, kisha akaniletea chai hukohuko gerejini. Usimwambie nimekuandikia hivyo.

Mikanda inafikisha miaka miwili mwezi wa Agosti, na nimeshaipata mipya. Kazi yenyewe inataka mikono minne na macho ya mtu asiyevaa miwani, maana zile alama za gia za mikanda ni ndogo mno. Yule kijana wa stejini atashika tochi. Ukija likizoni, njoo na nguo kuukuu. Na fulana ile ya shule, ikiwa unaitaka, nimeifua lakini haikutakata.

Msalimie mumeo.

Ni mimi,
Baba