Si kila ndege mdogo ni shomoro

Msomaji wa Malindi anauliza: "Je, shomoro na jurawa ni ndege mmoja? Kwetu shomoro imesuka viota vingi kwenye mnazi, na nyingine inaingia chini ya bati."

Ndiyo, ni mmoja. Kamusi huyaweka majina hayo pamoja, nami sioni sababu ya kuyatenganisha. Tumia ulilolizoea kwenu.

Lakini, ndugu yangu, barua yako imenigusa penye kidonda. Ngeli kwanza: shomoro "amesuka", si "imesuka". Ndege yenye injini ndiyo "imeruka". Mwenye roho "ameruka".

Kubwa zaidi ni hili la kumwita shomoro kila mwenye mabawa asiyezidi ngumi. Chozi anayefyonza maua, shomoro. Chiriku, shomoro. Na sasa mnana naye! Wazee wa pwani hawakuyatoa majina haya kwa kujifurahisha. Walitazama kila ndege anafanya nini.

Huyo wa mnazini ni mnana. Mtazame dume, wa manjano: hutua kwenye kuti, hung'ata ukingo wa jani, kisha huruka nao na kuchana utepe mwembamba. Utepe huo huupitisha, huuzungusha na kuukaza kwa mdomo, mguu mmoja umeushika, mpaka kiota kinaning'inia kama kitunguu, mlango chini. Hiyo ndiyo kusuka, sawa na anayesuka ukili. Shomoro hasuki hata siku moja! Yeye hutafuta tundu, penye mwanya kati ya boriti na ukuta au chini ya bati, akasokomeza nyasi kavu, makumbi, nyuzi na manyoya ya kuku. Basi sema shomoro "amejaza tundu" au "amejenga", na kusuka mwachie mwenyewe.

Ukitaka kumjua shomoro wa nyumba, ambaye wataalamu humwita Passer domesticus, yaani wa nyumbani, anza na kidevu cha dume: baka jeusi linaloshuka mpaka kifuani. Utosi ni wa kijivu, ubavu wa kichwa hudhurungi iliyoiva, shavu jeupejeupe. Urefu wake ni kama sentimita 15. Jike hana baka. Ana mstari hafifu nyuma ya jicho, na makinda walioanza kuruka hufanana naye. Wengi hukosea hapa: dume aliyetoka kubadili manyoya huwa na ncha nyeupe zinazolifunika lile baka, nao wakamwita jike. Ncha zikilika, weusi hujitokeza.

Akiwa na kichwa chote cha kijivu, bila baka lolote, na mdomo mnene, huyo ni shomoro mwingine, Passer gongonensis. Jina lake limetokana na Gongoni ya pwani yetu, naye ni mwenyeji wa Afrika Mashariki. Yule mwenye baka aliletwa. Wote wawili ni shomoro kwa haki.

Jambo moja la wenye nyumba: usizibe tundu kabla hujachungulia. Jike hutaga mayai 3 hadi 6, huatamiwa siku 11 hadi 14, na makinda hukaa tunduni wiki mbili hivi. Ukiona wazazi wanaingia na viwavi mdomoni, ndani kuna makinda, maana mkubwa hula zaidi nafaka lakini kinda hulishwa wadudu.

Na "mashomoro" je? Wingi wa shomoro ni shomoro: shomoro mmoja, shomoro kumi. Lakini wakijikusanya kumi na tano uani, wanaoga mchanga na kugombana, nikasikia mtu akisema "mashomoro haya!", hapo sina neno.