Ukibadilisha maneno, bado utaje chanzo

Umeuliza kama ukibadilisha maneno ya kitabu bado unatakiwa kutaja chanzo. Ndiyo, ndugu yangu. Maneno yamekuwa yako, lakini hoja bado ina mwenyewe.

Chukua insha kuhusu Azimio la Arusha. Kwamba lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, hilo linajulikana, andika tu. Ila ukisema liliyumba kwa sababu fulani, na sababu hiyo umeitoa kwa mwandishi, mtaje palepale kwenye sentensi: jina la ukoo, mwaka, na ukurasa kama umenukuu neno kwa neno. Kisha kitabu chenyewe kiingie kwenye marejeleo mwishoni. Wengi hujaza hiyo orodha tu na katikati ya kazi hamna kitu, mwalimu atajuaje kipi kimetoka wapi?

Asilimia ya Turnitin, ile programu inayolinganisha kazi yako na maandishi mengine, nayo isikutie presha sana. Inapima kufanana tu. Hata nukuu ulizoziwekea alama huhesabiwa humo zisipoondolewa kwenye mipangilio.

Halafu andika namba ya ukurasa kwenye noti zako hapohapo unaposoma. Kuitafuta usiku wa kuamkia kukusanya kazi ni balaa.