Pete Haina Miguu: Majibu kwa Waliopoteza Vito

Sikukuu imepita, na kama kawaida nusu ya Tanga iliingia baharini na vito vyake vyote mwilini. Maswali yamejaa. Nimechagua machache, mengine yamejirudia mno hata nikayaunganisha. Kwa wageni wa safu hii: sisi ni watu wachache wenye ditekta, yaani mashine zinazolia zikipita juu ya chuma kilichofukiwa, tunatafuta vitu vya watu kwa kujitolea. Hatutafuti madini wala hatupigi ramli.

Nimepoteza pete ya ndoa ufukweni Raskazone siku ya Jumapili. Naomba uje na mashine. (Msomaji, Makorora)

Jumapili saa ngapi, yakhe? Ulikuwa umesimama wapi? Maji yalikufika wapi? Barua za namna hii nimepata tano wiki hii, na zote zinadhani mashine ina macho.

Saa ndiyo habari ya kwanza. Kwetu pwani, wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Mahali uliposimama kiuno majini saa kumi jioni huwa mchanga mtupu saa nne usiku. Ukiniambia saa, na ukaniambia kama maji yalikuwa yanajaa au yanapwa, nitajua nianzie wapi. Ukiniambia "pale pale tunapoogeleaga wote," nitakunywa chai nyumbani kwangu.

Habari ya pili ni alama. Ulipogeuka kutazama nchi kavu uliona nini? Mkungu? Ukuta? Mtumbwi ulioegeshwa haufai, kesho haupo. Chagua vitu viwili vilivyopangana, kimoja nyuma ya kingine, na vingine viwili upande wa pili. Wavuvi wetu wanarudi kwenye mwamba wao kwa njia hiyo tangu zamani za mababu, bila chombo chochote. Ukiwa na simu, simama hapo hapo maji yakipwa ujitumie lokesheni. Fanya hivyo leo, maana baada ya wiki utaapa ilikuwa kushoto na mumeo ataapa ilikuwa kulia.

Pete ya dhahabu haichukuliwi na wimbi kama kandambili. Dhahabu safi ni nzito mara 19 kuliko maji, mchanga hata mara tatu haufiki. Pete huzama polepole hadi ikutane na changarawe au tabaka gumu, ikatulia. Shida ni kwamba mashine huiona pete kwa kina cha shubiri moja hivi, na mara chache zaidi ya hapo. Kila bamvua likipita, na hasa upepo wa kusi ukianza kuhamisha mchanga, nafasi yako inapungua.

Na tafadhali, msichimbe. Nimefika ufukweni nikakuta shemeji watatu na majembe, wamegeuza mchanga kama wanapanda mihogo. Pete iliyokuwa kina cha vidole vinne wameifukia kina cha goti.

Ngoja niwaambie inavyokuwa mtu akieleza vizuri. Dada mmoja wa Chumbageni aliniandikia mistari minne tu: saa kumi na nusu, maji kifuani, yanapwa, mkungu mkubwa umekaa sawa na kona ya ukuta. Tukaenda usiku maji yalipotoka, tochi kichwani. Saa nzima nilitoa vizibo vya soda kumi na moja, msumari wa dau, na vile vipete vya kufungulia kopo vinne. Kisha ditekta ikatoa mlio mfupi, mnyenyekevu, kama mtu anayepiga hodi akiwa na deni. Chekecheke ya kwanza mchanga mtupu. Ya pili, kitu kikagonga chuma. Dhahabu hailiwi na chumvi, ilitoka inang'aa kama imetoka kwa sonara asubuhi ile. Yule dada hakulia wala hakupiga vigelegele. Aliitia mdomoni, akafyonza mchanga, akautema, akainua pete kwenye tochi asome kama herufi za ndani bado zipo.

Je, ditekta inaona lulu? Na tanzanaiti? (Pangani)

Hapana, na hapana. Inaona chuma kilichoshika jiwe. Kama jiwe limechomoka, chukua chungio la chai, mama, na Mungu akupe subira.

Mkufu wangu mwembamba wa dhahabu umekatikia mchangani. Mashine yako imeshindwa kuuona, na wewe ulisema inaona dhahabu. (Mwambani)

Nilisema inaona pete. Pete ni duara lililofungwa, umeme wa mashine unazunguka ndani yake vizuri. Mkufu mwembamba mashine huuona kama pete ndogo ndogo mia mbili, kila moja ndogo kama punje ya mtama. Mara nyingi kinacholia ni kile kifungio, si mkufu wenyewe. Tafuta kwa chekecheke, mchanga mkavu, sehemu ndogo ndogo. Na mwakani vaa mkufu wa kamba baharini.

Bangili yangu ya dhahabu imepotea ndani ya nyumba. Nimeenda kwa mtaalamu akaniambia imechukuliwa na mtu mfupi anayeishi humu humu. Dada wa kazi ni mfupi. Je, mashine inaweza kuthibitisha? (Bagamoyo)

Mtaalamu wako alitumia futi kamba?

Samahani, mama, lakini swali hili linanichosha kuliko yote, na halipiti mwezi bila kuja. Kwa barua ninazopokea, chombo kikipotea nyumbani mtu wa kwanza kutiliwa shaka ni binti aliyetoka Lushoto au Korogwe na begi moja. Wa mwisho ni vidole vya mwenye mali, vilivyopungua unene, vikapakwa sabuni, vikaingia kwenye beseni.

Nilipoanza kazi hii niliitwa kwenye nyumba moja, mji siutaji. Pete ilikuwa na wiki tatu haionekani. Binti wa kazi alishafukuzwa, mshahara wa mwezi umezuiwa, maneno yameshafika hadi kijijini kwao. Mwenye nyumba alitaka nipime godoro la binti, na chumba chake, na shimo la taka karibu na dirisha lake. Nikapima. Hamna. Nikamuuliza, "Maji ya vyombo huwa mnamwaga wapi?" Akanionyesha mpapai nyuma ya jiko. Hata dakika tano hazikuisha. Ilikuwa chini ya majivu na masalia ya wali, kina cha kidole kimoja, bado ina utelezi wa mafuta. Mama akasema alhamdulillahi, akaniletea soda ya baridi. Nikauliza, "Na yule binti?" Akasema, "Ah, atakuwa ameshapata kazi kwingine."

Soda ile sikuimaliza.

Kwa hiyo jibu langu kwako: mashine haithibitishi mwizi. Inaonyesha chuma kilipo, basi. Kabla hujamwita mtu yeyote mwizi, mwaga debe la unga kwenye sinia. Fungua mapindo ya khanga zote. Kung'uta foronya. Fungua ule mkunjo wa bomba chini ya sinki, vitu vizito hukaa pale pale. Angalia mahali pa kufulia na mahali maji yanapomwagwa. Ndani ya nyumba ditekta yenyewe haina raha, nondo za sakafuni zinaipigisha kelele kama king'ora, kwa hiyo kazi kubwa ni ya mikono yako. Ukimaliza yote hayo niite, nitakuja na nauli yangu. Ila nikikuta huyo dada ameshafukuzwa, nitageuza pale pale mlangoni.

Kuku amemeza kipini changu cha pua. (Muheza)

Unamjua kuku gani? Kama unamjua, kitu kizito hukaa kwenye firigisi kikisagwa pamoja na changarawe, usingoje kinyesi. Kama humjui, nyumba nzima mtakula kuku wiki hii, karibisheni na jirani.

Mnatoza kiasi gani? (Wengi)

Nauli na mafuta. Kikipatikana, mwenye mali hutoa asante kadiri ya moyo wake, wengine elfu kumi, wengine dua. Kisipopatikana hatudai kitu. Nchi kama Kanada, Uingereza na Marekani wako watu wa kujitolea wa kazi hii, nao wengi hufuata mtindo huo huo. Anayekutaka "ada ya kufungulia mashine" kabla hajafika, mkimbie.

Kuna jambo hamjauliza nami nalisema. Msibandike picha ya pete mtandaoni na maelezo yake yote. Ukishaweka picha, uzito, karati na majina yaliyochorwa ndani, jioni utapigiwa simu: "Pete yako ninayo, nipo Segera, tuma nauli, tuma na ya kutolea." Baki na alama moja moyoni mwako. Anayesema ameiokota, muulize ndani pameandikwa nini.

Niliokota hereni ya dhahabu ufukweni Bagamoyo. Aliyeokota si ndiye mwenye chake? (Dunda)

Nani kakuambia? Kwa Muislamu, luqata, yaani kitu cha kuokota, ikiwa ya thamani hutangazwa mwaka mzima, muulize imamu wa msikiti wako. Na kwa sheria ya nchi, ukijua mwenyewe ni nani, au ungeweza kumpata kwa juhudi ya kawaida, ukajifanya humjui, hapo umeiba. Nenda polisi uandikishe, kisha utangaze msikitini, kanisani na kwenye magenge ya samaki. Usieleze ilivyo, sema tu umeokota kitu.

Nataka kununua ditekta yangu. Niangalie nini? (Ngamiani)

Kwanza jiulize kama unataka kuvaa hedifoni saa nne usiku kwenye matope ya mikoko. Bado unataka? Basi jua kwamba mashine za bei rahisi hufanya kazi kwa masafa mamoja ya mawimbi. Kwenye mchanga mkavu na shambani hazina neno. Zikifika kwenye mchanga uliolowa maji ya bahari zinachanganyikiwa, kwa sababu chumvi na maji hupitisha umeme, na mashine inadhani ufuo mzima ni chuma. Kwa bahari unahitaji inayotumia masafa mengi kwa wakati mmoja, au ile ya mapigo, inayotuma umeme kwa vipindi vifupi vifupi. Ya mapigo inaona chini vizuri, ila haichagui, itakuchimbisha kila msumari uliopo kati ya hapa na Pangani.

Halafu usiwe mjanja kwa mashine. Pete nyingi za dhahabu hulia sawa na vile vipete vya kopo. Ukiiambia inyamazie kopo, itanyamazia na pete. Lazima uchimbe takataka. Mimi ya kwangu niliinunua kwa kijana aliyetoka machimboni Handeni, alikuwa amechoka kusikia vizibo. Na kwa kuwa nimetaja Handeni: kutafuta dhahabu ya ardhini bila leseni ni kosa. Kutafuta pete ya shangazi yako si kosa. Usichanganye.

Mzee wangu, nina ramani ya mali ya Mjerumani, sehemu fulani karibu na Kaole. Lete mashine, tugawane nusu kwa nusu. (Jina limehifadhiwa)

Hii ni ramani ya kumi na saba. Ya kumi na sita ilichorwa kwa bolpeni ya bluu, Mjerumani aliitoa wapi hata sijui.

Mwanangu, sikiliza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu na majengo ya kabla ya 1863, na hairuhusu mtu kuchimbua bila kibali. Kaole ina misikiti na makaburi ya mamia ya miaka. Tongoni, kusini ya Tanga, vivyo hivyo. Ukionekana umesimama pale na ditekta na jembe usiku, maelezo yako utayatolea kituoni, nami sitakuja kukuwekea dhamana. Ukikutana na kitu cha kale kwa bahati, shambani au unapochimba msingi, kiache kilivyo utoe taarifa wilayani.

Wajerumani walikuwa na dhahabu? Mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana, waligonga Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kama 16,000 hivi, kwenye karakana ya reli. Wakusanyaji wa sarafu dunia nzima wanazijua. Matapeli nao wanazijua, wanazitengeneza kwa shaba na kuwauzia watu wenye ramani.

Na nyie wa Raskazone msicheke. Novemba 1914 Waingereza waliteremsha maelfu ya askari kutoka India hapo hapo mnapoogelea, wakapigana na Wajerumani na askari wao wa Kiafrika mpaka nyuki wakaingilia. Mashine ikilia kwa nguvu, ukakuta kitu kirefu cha chuma chenye kutu na ncha, usikigonge, usikibebe kumwonyesha babu. Ondoka, weka alama mbali kidogo, piga simu polisi.

Pete ya ndoa imenipotea. Mke wangu nimemwambia ni Raskazone. Kwa kweli haikuwa Raskazone. Nifanyeje? (Jina limehifadhiwa, tena sana)

Mkeo ameshaniandikia. Barua yake ni ile ya kwanza hapo juu, au mojawapo ya zile tano, sitakuambia ipi. Nikienda Raskazone nitapoteza usiku wangu, na yeye atasimama kwenye baridi ananishikia tochi.

Mimi sina haja ya kujua ulikuwa na nani. Nataka saa, kina cha maji, na miti miwili iliyopangana. Bamvua linakuja na mwezi mpevu, maji yatatoka karibu saa nne usiku. Niandikie mahali pa kweli kabla ya hapo. Yatakayofuata nyumbani ni yako na yeye.