Maswali ya Wasomaji: Risasi ya Nyati, Risasi ya Pofu na Umbali wa Kupiga

SWALI: Ndugu Mhariri, ninajifunza kazi chini ya mwindaji bingwa katika kitalu cha uwindaji wa kitalii kusini mwa Tanzania. Wapo wageni wanaokuja na bunduki ya .30-06 wakitaka kuitumia kwa kila mnyama, na wapo ambao, kwa kuwa darubini zao ni kali, hutaka kumpiga pofu (swala mkubwa kuliko wote) aliye mita 400. Je, risasi ipi inamfaa mnyama yupi, na umbali gani unamtendea mnyama haki? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na nyati, kwa kuwa juu yake hakuna la kubishania. Kwa wanyama hatari nchini Tanzania kipenyo cha chini cha risasi kinachokubalika ni .375 ya inchi, na .375 H&H Magnum, iliyotoka mwaka 1912, hadi leo ndiyo ninayompendekezea mtu mwenye uwezo wa kuwa na bunduki moja tu. Hurusha kichwa, yaani ile sehemu ya risasi inayomfikia mnyama, cha gramu 19 hivi kwa mwendo wa takribani mita 770 kwa sekunde, ilhali .30-06 hurusha kichwa cha gramu 11.7 kwa mita 820 hivi. Uzito huo wa ziada ndio unaovunja mfupa wa bega la nyati na bado ukafika kwenye mapafu. Ipo .458 yenye nguvu zaidi, lakini teke lake huwafundisha wengi kufumba macho kabla ya kufyatua, na risasi ndogo iliyofika moyoni ni bora mara nyingi kuliko kubwa iliyoishia tumboni.

Risasi ya kwanza kwa nyati iwe ya kichwa kigumu kinachochanua bila kuvunjika. Zile ngumu zisizochanua kabisa hupenya na kutokea upande wa pili, kwa hiyo nyati akiwa kundini, subirini mpaka nyuma yake pawe wazi.

Kwa pofu, .30-06 yenye kichwa imara inatosha, ingawa dume lake linaweza kupita kilo 700, mradi mpigaji awe karibu na alenge mahali panapostahili: juu ya mguu wa mbele, theluthi ya kwanza ya kimo cha kiwiliwili kutoka chini, ambako moyo wa swala wa Afrika umekaa.

Sasa hizo mita 400. Risasi ya .30-06, darubini ikiwa imerekebishwa ili igonge panapolengwa kwa mita 200, huwa imeshuka zaidi ya sentimita 25 ikifika mita 300, na karibu robo tatu ya mita ikifika 400. Darubini ya kisasa inaweza kufidia kushuka huko. Haiwezi kufidia zaidi ya nusu sekunde ambayo risasi iko njiani, muda unaomtosha pofu kupiga hatua moja, na eneo lililolengwa kifuani likawa sasa ni tumbo. Mnyama wa namna hiyo hukimbia kilomita nyingi na kufa kwa maumivu, mara nyingi bila kupatikana, na hili ndilo linaloniuma kuliko jambo lolote katika uwindaji.

Kwa hiyo nyati asipigwe nje ya mita 80, na mita 50 ni bora, kwa kuwa lazima muone risasi ilipoingia na muweze kuongeza ya pili papo hapo. Pofu, tandala na kongoni wasipigwe nje ya mita 200, hata kwa mpigaji hodari.

Mgeni mwenyewe mpimeni siku ya kwanza, kabla ya msako. Asimame, aegemeze bunduki kwenye fimbo tatu kama atakavyofanya porini, apige shabaha yenye upana wa sahani ya chakula, akianzia mita 50 na kurudi nyuma. Umbali wa mwisho ambao risasi zake zote bado ziliingia ndani ya sahani ndio mpaka wake kwa pofu, hata kama ni mita 90, na mwindaji bingwa amwambie hivyo hapo hapo uwanjani, kabla hajaona pembe.