Bosi anakufokea: uombe tu, au useme?

Ndugu, umeuliza kama kumkabili bosi anayekufokea mbele ya wenzako ni kukosa imani, na kama ungepaswa kuomba tu na kunyamaza. Mimi sioni hivyo. Msome Nehemia katika Biblia, yule mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi. Aliposikia kuwa kuta za Yerusalemu zimebomoka alifunga na kuomba, na kutoka Kisleu hadi Nisani (miezi ya Kiyahudi) ni kama miezi 4. Mfalme alipomuuliza anataka nini, akaomba kimoyomoyo palepale (nadhani hata macho hakufumba), kisha akataja haja zake: ruhusa, barua za njiani, hadi miti ya kujengea. Mtu alikuwa amejipanga! Na sura ya 4, maadui walipotishia, Nehemia na wenzake waliomba na wakaweka walinzi.

Mimi nilikuwa naombea msalani, dakika mbili kabla ya kikao, komeo nimefunga. Bosi hakubadilika. Ila mikono iliacha kutetemeka, nikaweza kumwambia, "Naomba tuongee pembeni."

Kwa hiyo omba, na uandike tarehe na maneno aliyokutolea. Ukifika ofisi ya utumishi watakuuliza. Anayekwambia uombe bosi afukuzwe, huyo achana naye.